Amri Juu ya Kompyuta Zetu: Mhadhara kwa Watu wa Matiliku

Nimeombwa nizungumze juu ya Linux, na kwa kuwa jina hilo kwa wengi wenu ni geni, ilhali kitu chenyewe mmekuwa mkikibeba mifukoni kwa miaka mingi, naona ni insafu nianze na mambo mnayoyajua kabla sijawapeleka kwa yale msiyoyajua.

Mnajua kwamba kompyuta nyingi za upande huu wetu, za nyumbani, za maduka ya saiba na hata baadhi ya zile za shule, hazikufika kwetu zikiwa mpya. Ni vipakatalishi vilivyotumika kwanza katika afisi za Ulaya, aghalabu Uingereza, vikauzwa kwa jumla baada ya miaka michache, vikashushwa Nairobi katika maduka ya Moi Avenue na Luthuli Avenue, kisha vikapanda matatu hadi Emali na kuiacha barabara kuu ya Mombasa ili kuja huku. HP EliteBook 840 na ThinkPad za namna ya T440 ndizo ninazokutana nazo mara kwa mara, na sina neno baya la kusema juu yake: viwiliwili vyake ni vigumu, kibodi zake zinavumilia vumbi letu, betri zake zinapatikana, na mtu akiongeza kumbukumbu ya RAM kutoka gigabaiti 4 hadi 8, na badala ya diski ile ya kuzunguka akatia SSD, amepata chombo ambacho mwanafunzi wa chuo kikuu anaweza kukitegemea mpaka ahitimu.

Basi tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilihitimisha himaya yake ya kawaida kwa Windows 10, ambayo ndiyo iliyomo katika mashine hizo, isipokuwa mwaka mmoja wa nyongeza kwa wale watakaojiandikisha. Aliyetaka kuhamia Windows 11 aliambiwa kwamba mashine yake sharti iwe na chipu ya usalama iitwayo TPM ya toleo la 2.0 na, kwa zile za Intel, prosesa ya kizazi cha nane, kilichoanza kutoka mwaka 2017, au cha baadaye. Na EliteBook 840 ya G1, ya G2 na ya G3, zenye prosesa za kizazi cha nne, cha tano na cha sita, hazimo katika hesabu hiyo. Mwenye mashine hakuiangusha wala hakuimwagia chai. Aliilipia kwa fedha za maembe, au za mshahara wa ualimu, au kwa mkopo wa chama ambao pengine hajaumaliza. Inawaka kila asubuhi, inaandika, inapiga hesabu, inaonyesha picha. Na pamoja na hayo yote hukumu ya kwamba muda wake umekwisha imetolewa mbali naye, na watu ambao hawakumwuliza. Siilaumu kampuni kwa kutaka mashine salama zaidi, kwa maana wizi wa mitandaoni ni jambo la kweli na kinga bora ni haki ya kila mtumiaji. Ninalolihoji ni lile lililo nyuma yake: kwamba mtu anaweza kuwa na risiti ya kompyuta mkononi, na kompyuta yenyewe mezani, na bado amri juu yake ikawa ya mwingine.

Liko pia jambo la pili ambalo hatupendi kulitaja hadharani, nami nitalitaja kwa sababu kimya chetu kimetudhuru. Windows nyingi zilizowekwa na mafundi wetu hazikununuliwa leseni. Fundi huja na flashi yake, akaweka mfumo, akaendesha programu ndogo ya kuvunja kufuli la leseni, akaizima kinga ya virusi kwa sababu kinga hiyo ingeikataa ile programu, akapokea ujira wake na kwenda zake. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inalihesabu jambo hilo kuwa kosa. Na hata tukiiweka sheria kando, fikirini mwenye saiba ambaye kwenye mashine ile ile iliyovunjwa kufuli, kwa programu iliyoandikwa na mtu asiyejulikana, anaingiza nywila za watu za tovuti ya serikali ya eCitizen, namba za vitambulisho, na vyeti vya watoto wanaoomba vyuo. Amana za watu zinapita mahali ambapo mlango uliachwa wazi kwa makusudi. Mtu mwaminifu, asiyeweza kununua leseni kwa bei iliyowekwa kwa mifuko ya nchi nyingine, amesukumwa kuchagua kati ya kuvunja sheria na kukaa bila kompyuta, na mimi sikubali kwamba njia ni hizo mbili tu.

Njia ya tatu ndiyo hiyo Linux. Mwaka 1983 Mmarekani aitwaye Richard Stallman, aliyechukizwa kuona programu zimefungwa hata asiyeridhika nazo asiweze kuzirekebisha, alitangaza mradi wa GNU, wa kuandika mfumo mzima wa uendeshaji ambao kila mtu ataruhusiwa kuutumia, kuusoma, kuubadilisha na kumpa jirani yake. Yeye na wenzake waliandika sehemu nyingi za mfumo huo, lakini kiini chake, yaani ile sehemu inayosemezana na prosesa, diski na kibodi, hakikuwa tayari, mpaka mwaka 1991 kijana wa miaka 21, Linus Torvalds, mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Helsinki huko Finland, alipotangaza kwamba anaandika kiini chake mwenyewe, na mwaka uliofuata akakiweka chini ya leseni ya GPL ambayo Stallman ndiye aliyeiasisi. Leseni hiyo ina sharti moja zito: ukiubadilisha mfumo na kuugawa, wale unaowagawia uwape ruhusa zile zile ulizopewa wewe. Kwa sharti hilo hakuna aliyeweza kuuchukua, kuufungia nyumbani kwake na kuwauzia wenzake funguo. Yakatokea baadaye makundi yaliyokusanya kiini hicho na programu nyingine yakavitoa vikiwa kitu kimoja kilicho tayari kuwekwa: Debian mwaka 1993, Ubuntu mwaka 2004, iliyoanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na ambayo kwa miaka kadhaa iliwapelekea watu CD kwa posta duniani kote bila malipo, na Linux Mint mwaka 2006, iliyojengwa juu ya Ubuntu, na ambayo ndiyo ninayowashauri waanzaji kwa sababu sura yake haiwashtui waliozoea Windows.

Mzee yeyote mwenye busara huuliza hapo: nani analipa, na huyo anayelipa anataka nini kwetu? Ni swali la haki, na jibu lake sisi wa Ukambani tunalo nyumbani. Matuta yaliyozuia udongo wetu usichukuliwe na mvua, na mabwawa ya mchanga yanayotuwekea maji katika mito mikavu, mengi yalitengenezwa kwa mwethya: leo watu wote katika shamba lako, kesho katika shamba langu, kila mtu na jembe lake, na chakula kwa mwenye shamba. Hakuna aliyeuita mwethya sadaka, wala hakuna aliyeuona ni ujinga. Kila mmoja alijua kwamba mlima ukishuka hauchagui shamba la nani. Linux imejengwa hivyo. Tena wengi wa wanaoiandika leo wanalipwa mishahara na makampuni makubwa, Intel, Red Hat, IBM, Google na mengineyo, kwa kuwa seva za makampuni hayo hayo zinategemea mfumo huu, na kila moja limeona ni rahisi kuleta jembe lake kuliko kuchimba mlima peke yake. Kwa hiyo asiwepo atakayewaambia kwamba kitu hiki ni cha bure kwa sababu ni hafifu. Tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 zinazoorodheshwa kuwa zenye nguvu kupita zote duniani zinaendeshwa kwa Linux. Na kijana wa hapa anayetamani kazi katika vituo vya data, mfano wa kile kilichojengwa Konza, ambayo imo katika kaunti yetu hii ya Makueni, hatafika mbali asipoijua.

Nilisema kwamba mmekuwa mkiibeba mifukoni. Simu za Android, tangu zile IDEOS za Huawei zilizoingia Kenya mwaka 2011 kwa takriban shilingi elfu nane na kuwafungulia watu wengi mlango wa intaneti, zina kiini cha Linux ndani yake. Bibi anayepokea fedha za M-Pesa kutoka kwa mwanawe kwa simu ya namna hiyo ameitumia Linux miaka yote hiyo bila kuambiwa kwamba ni ngumu.

Sasa nije kwa kazi yenyewe, na hapa nitakwenda polepole. Kuijaribu Linux hakuhitaji kufuta kitu. Mtu huteremsha kutoka intaneti faili moja ya Linux Mint, yenye ukubwa wa karibu gigabaiti 3, akaiandika katika flashi ya gigabaiti 8 kwa programu kama Rufus, akaizima kompyuta, akachomeka flashi, akawasha huku akibonyeza F12 kwa Lenovo na Dell au F9 kwa HP, akachagua kuanzia kwenye flashi. Na baada ya dakika chache mfumo mzima unamfungukia kwenye skrini, ukiendeshwa na flashi peke yake, ilhali Windows na faili zake zote zimelala katika diski bila kuguswa. Humo atazame kama Wi-Fi inashika, kama sauti inatoka, kama printa inatambuliwa, na kama padi ya kidole inamtii. Hapo amekuwa kadhi wa shauri lake, akiamua kwa aliyoyaona. Na kwa kuwa gigabaiti 3 ni bando la fedha nyingi kwa mwanafunzi, ateremshe mmoja, awanakilie wote. Leseni inaruhusu, na katika ruhusa hiyo hakuna hila.

Akiridhika, ndipo aiweke katika diski. Na kabla ya hapo, nasaha yangu ni moja na sitachoka kuirudia, anakili faili zake zote mahali pengine, katika diski ya nje au flashi ya pili, kisha azifungue huko aone kwamba zimefika kweli. Ipo njia ya kuziweka Windows na Linux pamoja katika mashine moja, ukachagua kila unapowasha, nayo ni njia nzuri kwa mwenye diski kubwa na moyo wa wasiwasi. Mwenye mashine dhaifu ya gigabaiti 2 za RAM achague Linux Mint ya namna ya Xfce, iliyo nyepesi. Asitarajie miujiza, maana kivinjari chenye kurasa kumi zilizofunguliwa kitailemea mashine hiyo chini ya mfumo wowote.

Katika maisha ya kila siku mtu anataka nini? Mwalimu anataka kuandika mtihani, kujaza alama, na kuingia katika tovuti ya tume ya walimu, TSC. Mwanafunzi anataka mikopo ya HELB na nafasi za vyuo za KUCCPS. Mwenye saiba anataka eCitizen, iTax ya kodi, kuchapa wasifu na kupunguza picha ya pasipoti. Mambo mengi katika hayo hufanyika ndani ya kivinjari, na Firefox au Chrome haibadiliki tabia kwa sababu ya mfumo ulio chini yake. Kwa kuandika na kupiga hesabu ipo LibreOffice, ambayo huwekwa pamoja na Mint, nayo hufungua faili za Word na Excel na kuzihifadhi kwa namna hiyo hiyo; kwa picha ipo GIMP; kwa filamu na nyimbo ipo VLC. Masasisho huja, lakini Mint hukuarifu ikakungoja, ukayateremsha usiku wakati bando ni nafuu, wala haikuzimii kompyuta mteja akiwa amesimama kauntani.

Nataka nikae kidogo kwenye flashi, kwa sababu hapo ndipo nimeona watu wa saiba wakiteseka kuliko mahali pengine. Mteja huja na flashi ambayo faili zake zote zimegeuka kuwa njia za mkato, akazibonyeza na kumbe amevialika virusi kuingia katika mashine ya duka, na mashine ile ikaambukiza flashi ya mteja wa pili, na huyo akaipeleka shuleni, na baada ya wiki moja maabara nzima imelala. Wengi hudhani kazi zao zimefutika, wakalia. Aghalabu hazikufutika, virusi vimezihamisha tu ndani ya folda na kuipa folda hiyo alama ya kufichwa, ambayo Windows huitii. Chomekeni flashi hiyo hiyo katika kompyuta ya Linux, nanyi mtaiona folda imekaa wazi na kazi zote zimo ndani, kando ya zile njia za mkato ambazo hapo hazina nguvu, kwa sababu programu ile ya virusi iliandikwa kwa ajili ya Windows. Mnatoa kazi za mteja, mnasafisha flashi, mnamrudishia. Sisemi kwamba Linux haiwezi kudhuriwa na watu wabaya, kwani yawezekana, na nywila dhaifu ni dhaifu kila mahali. Lakini ugonjwa huu unaotusumbua sokoni hupata pale ukuta usiopenyeka, na saiba yenye mashine hata moja ya namna hiyo ya kupokelea flashi imeokoa mashine zake nyingine zote.

Si haki niwasifie kitu nikawaficha aibu zake. Zipo chipu za Wi-Fi, hususan baadhi za Broadcom na Realtek, ambazo Linux haizishiki mara moja mpaka zitafutiwe programu yake, na kuitafuta kunahitaji intaneti ambayo ndiyo hasa iliyokosekana; dawa yake ni kuunganisha simu kwa waya wa USB na kuigawia kompyuta bando, jambo ambalo Linux hulikubali bila maswali. Printa za HP mara nyingi hutambuliwa zikichomekwa tu, ilhali baadhi za Canon hudai subira. Faili za Excel zenye makro, yaani amri zilizotiwa ndani ya jedwali, zinaweza kukataa kazi ndani ya LibreOffice, na mwenye kujaza mahesabu ya wateja kwa faili za namna hiyo asithubutu kubaki bila Windows moja yenye leseni halali. Photoshop haina toleo la Linux. Wasifu uliopangwa kwa uzuri katika Word unaweza kufika kwa LibreOffice mistari yake ikiwa imesogea, na kwa hiyo barua ya kuomba kazi ipelekwe kwa PDF daima. Duka lenye mashine tano laweza kuhamisha nne na kuiacha moja, na huko si kushindwa. Ni kujua kazi yako.

Hata hivyo kizuizi kikubwa nilichokiona hakimo ndani ya mashine. Nimewaona watu walioiweka Linux kwa furaha, wakaitumia majuma machache, kisha likawapata jambo dogo, labda sauti imekatika, labda printa imenyamaza, wakatazama kulia na kushoto wasione mtu wa kumwuliza, wakairudisha kwa fundi, naye fundi akawawekea Windows iliyovunjwa kufuli kwa sababu ndiyo pekee aijuayo. Tatizo lile lile likimpata mtu wa Windows, jirani humtatulia, kwa maana majirani wote wamelipitia. Kwa hiyo aibu niliyoihesabu kubwa kupita za Broadcom na Canon ni upweke, na upweke hautibiwi kwa kuteremsha programu.

Tazameni pia tunavyofundisha. Kijana humaliza kidato cha nne, akalipa ada ya kozi ya pakeji katika chuo cha sokoni, akafundishwa kwamba kubonyeza hapa ni kuhifadhi na kubonyeza pale ni kuchapa, akapewa cheti. Na siku vifungo vitakapohamishwa mahali pake, kama vinavyohamishwa kila toleo jipya linapotoka, cheti chake kimepungua thamani. Laiti angefundishwa faili ni nini, folda ni nini, mtumiaji na msimamizi wanatofautianaje, na programu hutoka wapi, angeketi mbele ya mfumo wowote akajitafutia njia. Linux hufundisha mambo hayo vizuri kuliko walimu wengi, maana haimfichi mwanafunzi kitu. Akitaka kuona ndani, anaona.

Na mwethya hauna maana kwa mtu anayekula chakula cha shamba la mwenzake bila kuleta jembe. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa msaada wa Waswidi, kilifanya kazi ambayo hatuisifu kadiri inavyostahili: katika mradi uliopewa jina Kilinux walikaa wataalamu wa kompyuta na wa lugha, wakasanifu istilahi, wakaitafsiri OpenOffice, babu wa LibreOffice ya leo, wakaitoa kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice. Hawakuhitaji kumwomba mtu ruhusa, kwa kuwa leseni ilikwisha kuwapa. Kazi ile haikuendelezwa kwa nguvu iliyoanzwa nayo, na leo mtu akichagua Kiswahili wakati wa kuiweka Linux Mint, hukuta maneno mengine yametafsiriwa na mengine yamebaki kwa Kiingereza, yamechanganyikana katika dirisha moja. Walimu wa Kiswahili mlio hapa, jembe lenu ndilo hilo: madirisha yale yamewekwa wazi kwa yeyote anayetaka kuyatafsiri, na mwanafunzi wa kidato cha tatu mwenye Kiswahili safi anaweza kuisogeza kazi mbele katika likizo moja.

Ombi langu kwa wakuu wa shule ni kwamba, kabla ya kuziandikia kompyuta za maabara hati ya kutupwa kwa sababu Windows 11 imezikataa, wawape walimu wawili na wanafunzi wachache ruhusa ya kuzijaribu mashine mbili au tatu kwa muhula mmoja, na wanafunzi hao waandike katika daftari kila kilichokwama na jinsi kilivyokwamuliwa, kwa printa zetu hizi na mitandao yetu hii. Maana daftari hilo, likinakiliwa kwa shule ya pili na saiba ya tatu, ndilo litakalomfaa mtu wa Matiliku atakayekuja kuuliza. Na kwenu wenye maduka naomba jambo dogo zaidi: atakayefaulu kuitengeneza mashine moja aandike ukutani kwamba anaijua Linux, na ujira wa kazi hiyo autoze kwa haki, kwa sababu mfumo ni wa bure lakini saa zake za kazi si za bure. Nimekuja na flashi chache zilizo tayari, na meza ile ina umeme. Walioleta vipakatalishi na wamekwisha kunakili faili zao tutaanza nao sasa. Ambao hawajanakili, watawasha kwa flashi na kutazama, nasi diski zao hatutazigusa leo.